Kaka, mwache binti yetu asome kemia

Braunschweig, Ujerumani
Jumapili jioni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na umsomee barua hii polepole akiwa ameketi barazani, maana najua macho yake siku hizi yanasumbuka na maandishi. Mimi huku ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Baridi imeshaingia, saa kumi na robo jioni jua limezama, na watu wanatembea wamejikunyata kama kuku walionyeshewa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema binti yetu amepata A ya kemia kidato cha sita. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Halafu ukaendelea, kwamba wazee walikaa kwa Mama wakaona heri achague uhasibu au uuguzi, kwa sababu kemia mwisho wake ni chaki, na kwamba mtoto wa kike atakaa na masumu mikononi mpaka lini. Mwishoni ukashusha sauti ukaniuliza, "Kwani wewe mwenyewe, mdogo wangu, huko unafanya kazi gani hasa?"

Kaka, swali hilo halijanitoka kichwani. Miaka tisa niko huku, kila mwezi tunaongea, na sijawahi kukueleza kazi yangu. Nimekuwa nikisema "niko maabara" halafu naulizia ng'ombe. Wazee wameamua kwa walichokuwa nacho mbele yao, na mimi sikuwapa kitu. Kwa hiyo leo naandika kirefu, nivumilie.

Niruhusu nianzie kwenye meno yetu. Unaikumbuka ile picha ya darasa la saba, mpiga picha kutoka Usa River anatuambia tucheke, na darasa zima tumefumba midomo? Pale nyumbani Maji ya Chai meno ya kahawia hayakuwa jambo la kumshangaza mtu, kila mtu alikuwa nayo. Nilijua ni aibu nilipokwenda Moshi kidato cha tano, nikalala bweni moja na wasichana wa kutoka mikoa mingine. Miaka miwili nilicheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni.

Sababu yake niliijua mapema zaidi, kidato cha pili. Mwalimu wetu wa kemia aliandika herufi F ubaoni, akasema floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanapita humo ardhini yakiibeba, sisi tunayanywa. Akasema mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, kabla ya kama miaka minane, madoa hayatoki tena hata apige mswaki na mchanga. Na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi inakwenda hadi kwenye mifupa. Nikawaza watoto wa jirani waliokuwa na matege, nikamuwaza babu na mgongo wake.

Nilirudi nyumbani mbio. Nilimkuta Mama anachemsha maji ya kunywa, kama alivyofundishwa kliniki. Nikamwambia, Mama, kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki ile ile ndani ya maji machache, kwa hiyo inakolea. Mama alinitazama muda mrefu, mwiko mkononi, akaniuliza, "Basi tunywe nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kaka, ukitaka kujua ni lini nilichagua kemia, ni pale jikoni, hakuna siku nyingine.

Shule yetu ya kata haikuwa na maabara. Ile michango ya maabara uliyokuwa ukinipigia simu kulalamika mwaka 2014, kila kaya itoe, mwenyekiti anapita na daftari, mimi nilikuwa nimeshamaliza zamani. Najua ilikuuma kutoa ukiwa umetoka kuuza mbuzi. Lakini binti yetu amejifunza kutumia bureti, lile bomba la kioo la kudondoshea dawa kwa kipimo, kwenye chumba kile kile ulichokichangia, na sisi mwalimu alitufundishia kwa bomba la sindano la hospitali lisilo na sindano. Alichemsha maua ya rozela, akatupa maji yake mekundu. Ukitia limau yanazidi wekundu, ukitia maji ya majivu yanageuka kijani. Nilirudia jambo hilo nyumbani mpaka Mama akanificha majivu ya kuivishia makande.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sitakisimulia sana. Tulikuwa wasichana saba kwenye kozi yetu, tulisaidiana, tukamaliza wote saba. Yaliyonifinyanga yalikuja baadaye, kwenye kazi ya kwanza pale Arusha, katika maabara ndogo ya kupima maji ambayo sitaitaja jina.

Miezi minane ya mwanzo nilikuwa naosha vyombo. Wavulana wawili tulioajiriwa pamoja waliwekwa kwenye mashine wiki ya pili. Mimi niliambiwa, "Wanawake mko makini, vyombo vitakuwa salama." Kaka, sifa ile ilikuwa pingu. Kwa umakini huo huo wangeniweka kwenye mizani. Nililia chooni siku nyingi. Hata hivyo niliosha vizuri, na niliyojifunza pale kwenye karai bado yananilisha mpaka leo. Chombo cha kioo kilichotakata utakijua kwa maji: ukikimwagia maji yaliyotoneshwa, yaani maji safi yatokanayo na mvuke uliopozwa, yanateremka kama kitambaa kimoja, hayaachi hata tone. Ukiona matone yamesimama ukutani, kuna mafuta, rudia. Na sampuli ya floraidi haiwekwi kwenye kioo, inawekwa kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa floraidi inaweza kushambuliana na kioo. Mtu anayedhani kuosha ni kazi ndogo hajawahi kupata jibu la uongo kutoka kwenye chupa chafu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote nyumbani. Mama anisamehe.

Mwaka wangu wa pili niliruhusiwa kupima. Tulitumia dawa nyekundu ambayo rangi yake inapauka kadiri floraidi inavyozidi, kisha mashine inasoma mpauko. Dawa ile inaweza kusoma kiasi kidogo tu, kwa hiyo maji yetu ya kule nyumbani kaskazini lazima uyazimue kwanza: sehemu moja ya sampuli, tisa za maji yaliyotoneshwa, halafu jibu unalizidisha kwa kumi. Ililetwa sampuli ya kisima kipya cha kijiji kimoja cha Arumeru. Nikazimua, nikasoma, nikaandika 0.7. Nikatia saini. Karatasi ikatoka.

Nilisahau kuzidisha.

Nilikumbuka usiku, saa nane. Niliamka nimeloa jasho, naiona ile rangi ya pinki iliyofifia ndani ya kichupa, naiona na ile "×10" niliyoiandika kwa penseli pembeni ya daftari. Maji yale hayakuwa 0.7, yalikuwa 7. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu mwaka 1974 kiliwekwa kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, maana wangefuata kile cha dunia wangefunga vyanzo vingi na watu hawana pengine pa kuchota. Baadaye kikashuka hadi 4, na sasa na sisi tunafuata 1.5. Iwe kwa kipimo cha 4 au cha 1.5, nilikuwa nimewaruhusu watu kuwanywesha watoto wao maji yaliyotuharibu sisi.

Asubuhi nilimsubiri mkuu wangu mlangoni. Alikuwa mama mmoja mkimya, mkali, mkemia wa siku nyingi. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema, "Lete daftari." Akakaa, akasoma mstari kwa mstari, akanifanya nipime upya sampuli iliyobaki kwenye jokofu mara tatu, yeye akiwa pembeni yangu. Ikaja 7.1, 6.9, 7.0. Akachukua ufunguo wa gari.

Tulikuta kijiji kimeshachinja mbuzi kusherehekea kisima, turubai limefungwa. Mkuu wangu alikataa kunisemea. Nilisimama mbele ya watu nikasema mimi ndiye niliyekosea, namba ni hii, kisima hiki kitumike kuoshea na kunyweshea miche, kisitumike kunywa wala kupikia watoto mpaka yapatikane maji ya kuchanganya au chujio. Watu walinuna, na walikuwa na haki. Baba mmoja alinipigia kelele mpaka mate yakanirukia. Halafu bibi mmoja akanisogelea, akanitazama mdomoni nilipokuwa naongea, akasema, "Wewe ni mtoto wa huku huku." Akanivutia kigoda nikae.

Kuanzia wiki ile mkuu wangu aliweka sheria: hakuna jibu linalotoka na saini moja. Mtu wa pili anakagua hesabu kuanzia kwenye daftari mpaka kwenye karatasi ya mteja. Na kwenye fomu ikaongezwa safu ya kuzimua, huwezi kuendelea ukiiacha tupu. Hakuniadhibu hata siku moja. Alirekebisha njia, ili mwingine aliyechoka kama mimi siku ile asiweze kuanguka shimo lile lile. Mimi nilikuwa nadhani kuongoza maabara ni kuwa na ofisi. Siku ile nilianza kuitamani kazi yake.

Basi hiyo ndiyo kazi ninayofanya huku, Kaka. Nilikuja kusoma shahada ya uzamili, nikaajiriwa kama fundi sanifu, kisha mkemia, na sasa ni mwaka wa tatu naongoza maabara ya maji yenye watu kumi na wanne. Wenyewe wananiita Laborleiterin, yaani mama wa maabara kwa tafsiri yangu mimi. Mashine nazigusa kwa nadra siku hizi. Asubuhi naingia saa moja, nasoma joto la kila jokofu na kila tanuri, naangalia mizani imepimwa na mawe yake au bado. Napitisha kemikali gani ziagizwe kabla hazijaisha, nani anafundishwa kifaa gani, nani anahitaji mapumziko kwa kuwa mtoto wake amelazwa. Mara nyingine naficha sampuli ninayoijua jibu katikati ya sampuli za wateja, nione kama watu wangu watalipata. Hawachukii, kwa sababu na mimi napimwa vivyo hivyo: kila mwaka tunaletewa maji kutoka nje, yale yale yanapelekwa maabara nyingi, kila mmoja anapima bila kujua mwenzake amepata nini, halafu majibu yanalinganishwa. Ukiwa mbali na wenzako, unaandika sababu na unaitafuta mpaka uipate.

Kuna kanuni za dunia za kazi hii, zinaitwa ISO/IEC 17025, toleo tunalotumia ni la mwaka 2017. Wakaguzi wanakuja, wanakaa siku kadhaa, wanachagua jibu moja la zamani na kusema: nionyeshe lilivyozaliwa. Nani alichukua sampuli, chupa ipi, mizani ipi, nani alimfundisha aliyepima. Mnyororo ukikatika sehemu moja, ithibati, yaani kibali kwamba vipimo vyetu vinaaminika, iko hatarini. Kanuni hizo ni hizo hizo kwetu Tanzania, na maabara zenye ithibati zipo. Kinachonisikitisha ninapokumbuka nyumbani ni mashine nzuri zilizoletwa kwa msaada, zikapigiwa picha, zikafa kwa kukosa kipuri cha bei ya mbuzi wawili au kwa umeme kupanda na kushuka. Maabara haikosi mashine, meneja ndiye anayekosekana: mtu wa kukaa chini Januari na kuandika ni kipuri gani kitahitajika Septemba. Tunasomesha watu wa kupima, hatusomeshi watu wa kutunza upimaji. Binti yetu akiingia huko atakuta nafasi inamsubiri.

Na usiseme haiwezi kuwa kazi ya mwanamke. Mji huu ninaoishi aliishi msichana mmoja, Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862. Vyuo vikuu vya Ujerumani havikupokea wanawake wakati ule, kwa hiyo alikaa nyumbani akiwauguza wazazi wake na kuosha vyombo. Katika kuosha akaanza kujiuliza kwa nini sabuni na mafuta vinabadilisha uso wa maji. Akatengeneza chombo cha bati, akapima miaka karibu kumi, mdogo wake wa kiume aliyekuwa akisoma fizikia akimletea vitabu. Mwaka 1891 akaandika barua kwa mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, akamweleza alichokiona. Naye akaipeleka ichapishwe kwenye jarida la Nature mwaka huo huo. Mwaka 1932, akiwa na miaka sabini, chuo cha hapa kilimpa udaktari wa heshima. Nikisoma habari zake nakumbuka karai langu la Arusha. Na namuwaza yule mdogo wake aliyembebea vitabu, Kaka, kama wewe ulivyouza baiskeli yako nikapata nauli ya kwenda Dar.

Sitaki kumdanganya mtoto, kwa hiyo mwambie na magumu. Mshahara wa mwanzo nyumbani ni mdogo. Atasimama kutwa. Masumu wanayoyahofia wazee yapo kweli, lakini ndiyo maana kuna kabati la kuvuta hewa, miwani na glavu, na akiwa mjamzito ana haki ya kuhamishwa kwenye kazi za viyeyusho. Aidai bila haya. Atakutana na mkubwa atakayemwomba "arekebishe kidogo" namba kwa ajili ya mteja. Mimi niliombwa mara moja. Nilikataa, na nilikaa miezi stoo nikihesabu chupa. Ajue kabla hajafika.

Kuhusu njia, si lazima awe mwalimu, ingawa mwalimu wetu wa kemia ndiye aliyenitoa nilikokuwa, nisingependa mtu amdharau mbele yangu. Anaweza kusoma shahada Dar es Salaam. Akipenda kushika vyombo mapema, kuna stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na baada ya shahada ya kwanza kuna Taasisi ya Nelson Mandela hapo hapo Arusha. Na akitaka kuona kazi zenyewe kwa macho yake, asiende mbali. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda ya kaskazini Arusha. Kiwanda cha sukari cha TPC kule chini ya Moshi hakiwezi kwenda siku moja bila watu wa maabara kupima utamu wa juisi ya miwa. Lyamungo wanafanya utafiti wa kahawa. Na Ngurdoto, karibu kabisa na nyumbani, kuna kituo kinachoshughulika na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mchukue siku moja mwende wote wawili, omba kwa heshima mzunguke. Wewe pia uone.

Nimetuma fedha kidogo kwenye simu yako, za fomu za maombi na nauli. Zilizobaki ni za Mama. Mwambie mwanangu anipigie Jumamosi jioni, nitakuwa nyumbani, aniulize mwenyewe yote anayoogopa kuuliza mbele ya wazee. Wazee nao wasalimie sana, waambie sijawadharau, nimewajibu tu kwa kuchelewa.

Wasalimie na wa Kikatiti wote.

Mdogo wako akupendaye.

Tena Kaka, nilitaka kusahau. Lile chujio la mifupa jikoni kwa Mama, mifupa yake ilibadilishwa lini? Mkaa ule unashiba, na ukishashiba maji yanapita kama yalivyoingia, kwa macho hutaona tofauti. Na yule mdogo wa mwisho hajafikisha miaka minane, kwa hiyo maharage yake yapikwe bila magadi, maana magadi mengine yana floraidi nyingi kuliko hata maji. Yachukue muda mrefu jikoni, si kitu. Binti yetu apeleke sampuli mbili zipimwe, moja kabla ya chujio na moja baada, chupa za plastiki, azisuuze mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza, aandike tarehe na saa. Gharama nalipa mimi.